Leo Mimi Siri

Nilijifunza kufunga na kuomba ndani ya jiko la hoteli, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hawezi kupachagua kwa kazi hiyo. Wengine nasikia walipanda milima, wakakaa peke yao na Mungu wao, wakashuka wakiwa wamebadilika. Mimi nilifunga nikiwa nimeinamia sufuria ya mchuzi wa karanga, mvuke ukinipanda puani, na wateja huko mbele wakigonga meza wakidai kuongezewa.

Hoteli ilikuwa Kikuubo, Kampala, katikati ya maduka ya jumla, kwenye kichochoro chembamba hivi kwamba mchukuzi akipita na gunia kichwani lazima ujibane ukutani. Nikisema hoteli usifikirie vitanda. Palikuwa na mabenchi, meza chache zenye makovu ya visu, picha ya rais ukutani kwa sababu kila ukuta ulikuwa nayo, na nyuma kabisa jiko letu, lenye mlango unaotazama uani. Mwenye hoteli alikuwa Mkenya. Alinileta kutoka kwetu pwani ili nimpikie chapati na pilau, akiamini kwamba wafanyabiashara wa Kampala wakishaonja pilau yangu hawatakula kwingine. Hakukosea sana, nasema mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya utawala wa wanajeshi. Sukari ilikuwa ya kunong'onezana, chumvi ya magendo, na sabuni ukiipata unamficha hata jirani unayesali naye. Mtu aliweza kutoka nyumbani asubuhi akaenda kazini, jioni chakula chake kikapoa mezani, na watu wa nyumbani wasijue wamuulize nani. Vijana wakiniuliza siku hizi niliishije huko, naona wanajitayarisha nilie. Huwavunja moyo nikiwaambia kwamba sijacheka popote duniani kama nilivyocheka katika jiko lile.

Aliyenichekesha ni mpishi mkuu, mama wa Kiganda, rika la mama yangu mzazi, mnene na mwepesi wa miguu. Hata jikoni alivaa gomesi, ile kanzu yao ndefu yenye mabega yaliyosimama, na mshipi wake aliufunga juu ili moto usiufikie. Alikuwa mlokole, tena wa zamani, wale wa kukuambia makosa yako asubuhi na kukuandalia chai hapohapo. Nilimwita Maama kama kila mtu alivyomwita. Yeye aliniita muwala, yaani msichana.

Kiswahili chake alikiokota sokoni Kalerwe, akinunua matoke na karanga kwa watu wa kila kabila, na hakukifanyia ukarabati wowote. L na R zilibadilishana viti mdomoni mwake jinsi zilivyotaka. Habari ilikuwa habali. Pilau yangu, fahari yangu, aliiita pirau. Mimi niliyelelewa pwani, na ambaye nilikiona Kiswahili kama shamba la babu yangu, sikuweza kunyamaza.

"Pilau, Maama."

"Ndiyo, pirau," alinijibu kwa upole, kama mtu anayemkubalia mtoto ili alale.

Kila Jumatano Maama hakula. Tangu anaamka mpaka jua linazama hakutia kitu kinywani, na bado alipika kwa ajili ya kichochoro kizima. Mtu akimkaribisha hata kipande cha muhogo, alitikisa kichwa na kusema, "Leo mimi siri." Alimaanisha sili, sili chakula. Wachukuzi wote wa Kikuubo walimjua, na Jumatano walikuwa wakichungulia mlangoni kumtania: "Maama, leo siri?" Naye anawajibu, "Siri kabisa!" huku akiwajazia sahani.

Hakuonja hata chumvi. Alinusa. Mchuzi uliopungukiwa chumvi, alisema, unanuka kama mtoto aliyeogeshwa bila sabuni. Nilicheka mpaka siku nilipouonja mchuzi wake wa Jumatano nikaukuta uko sawasawa.

Alifunga kwa ajili ya mume wake. Mume huyo alikuwa fundi wa malori, na siku moja watu walikuja gereji wakamchukua. Kosa lake, kwa jinsi ilivyosikika, ni kutengeneza gari la mtu wasiyempenda. Maama alimtafuta kila alipoweza kumtafuta, mpaka askari mmoja wa getini akamwambia, kwa huruma yake, asirudi tena kuuliza. Hakujua kama yu hai. Ndugu wengine walimshauri aweke matanga, alie, aendelee na maisha. Alinieleza haya tukimenya matoke uani, bila kulegeza kisu.

"Yeye amefungwa," akasema. "Basi mimi nafunga. Siku atafunguliwa, mimi nafungua."

Nikamwambia kwamba katika Kiswahili amesema jambo zuri kuliko alivyokusudia, maana maneno yote hayo ni ya shina moja.

Akanitazama chini juu. "Nilikusudia," akasema, akaendelea kumenya.

Ndipo nami nikaamua kufunga pamoja naye. Nilikuwa nimeokoka tangu kwetu, lakini wokovu wangu ulikuwa wa Jumapili, wa sare ya kwaya na kanga iliyopigwa pasi. Nilitaka kitu kama kile alichokuwa nacho yeye, kilichomfanya asilegeze kisu. Jumatano yangu ya kwanza iliishia saa nne asubuhi. Nilikoroga mchuzi, nikachovya kidole, nikalamba, halafu ndipo nikakumbuka. Ya pili iliishia kwenye ukoko wa pilau. Ya tatu sitaki hata kuisimulia. Kidole cha mpishi hakina dini, kinakwenda mdomoni chenyewe, na mimi nilikuwa nimekifundisha kazi hiyo tangu utotoni.

Kila nilipoharibu nilijikasirikia, nikagongagonga masufuria. Maama hakunihubiria. "Anza tena Jumatano," alisema. Wiki inayofuata naharibu, naye anasema vilevile, kwa sauti ileile, kana kwamba hajawahi kuyasema. Nilitamani anigombeze ili tumalizane.

Sasa palikuwa na afande mmoja, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye cheo ambacho sikukielewa lakini kiliwafanya watu wote wahame benchi. Alikuja mara kwa mara na mlinzi wake, na alikuwa na desturi moja: kabla hajagusa chakula, mpishi atoke jikoni aonje mbele yake. Wakubwa wa siku zile waliogopa sumu kuliko risasi. Siku nyingine Maama alitoka, akaonja, akarudi zake, na mambo yakaisha. Kwa bahati tu, afande hakuwahi kuja Jumatano.

Jumatano aliyokuja, mimi nilikuwa na furaha ya peke yangu. Saa saba mchana ilikuwa imefika na sijaonja kitu. Kidole changu nilikifunga kitambaa makusudi kama kilichojeruhiwa. Nilikuwa nikimwonyesha Maama kitambaa changu kwa majivuno tulipoitwa mbele, wote wawili.

Afande ameketi, sahani ya matoke na mchuzi wa karanga mbele yake, bastola kando ya sahani. Wateja wote wameacha kula.

"Wewe mama, onja," akasema.

Maama akapiga goti kidogo kwa heshima, kama wafanyavyo kwao. "Afande, leo mimi siri."

Afande akaweka kijiko chini. "Siri?"

"Siri, afande. Kira Jumatano siri."

"Siri gani iko ndani ya hii chakula?"

"Hapana chakula, afande. Mimi tu. Mimi na Mungu." Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli na alitaka nipate sifa yangu, akanielekezea mkono. "Na huyu muwala, Mkenya. Leo yeye pia siri."

Nilitamani ardhi ipasuke. Siku zile kuwa Mkenya peke yake kulitosha kuulizwa maswali, sembuse Mkenya mwenye siri. Mlinzi akasogea mlangoni akauziba. Niliona mkono wa afande ukitulia karibu na bastola, nikajua kwamba kama sitasema neno sasa hivi, Maama atamfuata mume wake hukohuko.

"Afande," nikasema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya paka, "hasemi siri. Anasema sili. Yaani hali chakula leo. Amefunga."

Afande akanigeukia. "Amefunga nani?"

"Hajamfunga mtu, afande. Amefunga tu."

"Hapana!" akapiga meza. "Hapa Kampala mimi ndiyo nafunga watu!"

Nyuma kabisa mchukuzi mmoja alikohoa, akaendelea kukohoa, akaficha uso wake ndani ya kikombe cha chai. Mpaka leo naamini alikuwa akicheka, na Mungu ambariki, kwa sababu kikohozi chake kilinirudishia akili.

"Kama Ramadhani, afande," nikasema haraka. "Kama Ramadhani, lakini ya walokole. Kila Jumatano."

Uso wake ukabadilika. Alimtazama Maama, akanitazama mimi na kitambaa changu cha uongo kidoleni. "Ramadhani," akasema taratibu. Akaegemea ukuta. "Baba yangu Mwislamu. Mama yangu Mkristo. Huyu namaliza kufunga, ule naanza. Sisi watoto, njaa ilikuwa natoka pande mbili." Akacheka, na hoteli nzima ikacheka naye, kwa adabu, ikasimama alipoacha.

"Sawa. Mama asionje. Lakini chakula nani naonja?"

Macho yote yakaja kwangu.

Nikamtazama Maama. Tangu mume wake achukuliwe hakuwahi kukosa Jumatano hata moja. Niliona midomo yake ikitembea, na nikaona mkono wake umeanza kuinuka kuelekea kijiko, maana aliniona nilivyoipenda saa saba yangu. Nikamtangulia. Nikavuta ile sahani, nikaketi kwenye benchi mbele ya afande, nikala.

Sikuonja. Nilikula. Nilianza kwa woga, lakini matoke yalikuwa laini, karanga zimesagwa vizuri, chumvi iko palepale inapotakiwa, na mimi nilikuwa na njaa tangu alfajiri. Machozi yalinitoka, na sikujua kama ni ya hofu au ya raha. Niliendelea mpaka afande akashika ukingo wa sahani.

"Basi, basi, Mkenya! Hii ni yangu!"

Akala kilichobaki, akaongezewa, akala tena. Alipomaliza akamgeukia Maama, aliyekuwa bado amesimama pale pale akipangusa mikono kwenye gomesi.

"Kwa nini nafunga?"

"Bwana wangu iko ndani," akasema Maama.

"Ndani wapi?"

"Nyinyi ndiyo najua, afande."

Sijui ujasiri ule aliutoa wapi. Mimi nilishika ukingo wa meza. Afande alichokoa meno, kisha akauliza jina. Maama akalitaja, la mume wake na la baba yake, na gereji alipochukuliwa, kwa sauti isiyotetemeka. Afande akainuka. Akachukua bastola yake, akatoka.

Tuliporudi jikoni niliketi juu ya gunia la mkaa. Maama alisimama mbele yangu, mikono kiunoni, akaanza kuniigiza, shingo mbele na sauti ya paka: "Hapana siri, afande! Ni siri!"

Kwa kinywa chake yote mawili yalikuwa siri. Hakuweza kuisikia tofauti ambayo nusura itutoe roho. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, naye akacheka, akilia, akinipiga mgongoni, mpaka tukasikia harufu ya wali unaoungua. Tulikuwa hai. Hakuna raha inayofanana na ile, ya wali kuungua na wewe bado u hai wa kuunusa.

Usiku kitandani kwangu, mtaa wa Ntinda, nililifikiria neno lile, siri. Kwa kweli tumefundishwa kwamba anayefunga asijitangaze. Anawe uso, ajipake mafuta, iwe kati yake na Baba yake. Maama, kwa makosa yake ya Kiswahili, alikuwa akitangaza kila Jumatano jambo sahihi kuliko lile nililokuwa nikimsahihisha. Tangu hapo pirau niliendelea kuisahihisha, lakini siri niliiacha.

Afande alirudi, na sasa ikawa Jumatano ndiyo siku yake. Aliketi, akamwambia mlinzi kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Jumatano mama siri. Mkenya naonja." Basi kidole changu kilipata kazi ya serikali. Hata nikifika saa saba salama, afande anatokea na sahani yake. Nilimlalamikia Maama kwamba jeshi linanizuia kukua kiroho. "Anza tena Jumatano," akasema, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Kisha afande akatoweka. Ilisemwa amehamishwa kambi ya mbali. Juu ya lile jina aliloliuliza hatukusikia chochote, na hatukuwa na mtu wa kumuuliza. Mvua zikaja, zikajaza kichochoro matope, zikaondoka. Mimi nikarudi kwenye ukoko wangu wa pilau.

Asubuhi moja ya Jumatano nilimkuta Maama ameketi kwenye lile gunia la mkaa, moto haujawashwa. Sikuwahi kumwona amekaa saa ile.

"Muwala, nimechoka," akasema. "Labda namfungia mtu wa kaburini."

Nilitafuta neno kubwa la kumfariji, la kanisani, na sikulipata. Mimi ambaye sikuwahi kumaliza hata siku moja, ningemwambia nini? Likanitoka lile alilonizoesha yeye.

"Anza tena, Maama. Jumatano hii tu."

Akaangalia mafiga yaliyopoa. Kisha akacheka kidogo, akanyoosha mkono nimwinue. "Hii tu," akasema. Na Jumatano iliyofuata akasema hivyohivyo, "Hii tu," na iliyofuata tena. Zikaenda hivyo, moja moja, na mimi nikiwa nyuma yake nikianguka na kuinuka na kujipaka masizi.

Mchana mmoja Maama alikuwa akitwanga karanga karibu na mlango wa uani. Mimi nilikuwa nikiepua chapati. Mtu mmoja akasimama mlangoni, mwembamba, shati si lake, linaning'inia mabegani, nywele zimenyolewa vibaya. Nilidhani anataka maji. Nikageuka kuchukua kikombe, na nyuma yangu mchi ukanyamaza.

Maama hakupiga kelele. Alipiga magoti, pale kwenye majivu, gomesi na yote, kama mwanamke wa Kiganda anavyompokea mume wake aliyetoka safari ya kawaida.

"Kulikayo, ssebo," akasema. Umerudi salama, bwana.

"Awo," yule mtu akaitikia salamu. Kisha naye akachuchumaa pale pale majivuni.

Nani alimfungua, hakujua. Asubuhi moja jina lake liliitwa, akaambiwa aende, akaenda, akiogopa kugeuka nyuma. Kama ni afande wetu, au ni karani aliyechanganya majina, sijui hadi leo. Maama hakuwa na shaka ni nani, na kuhusu mkono uliotumika alisema hilo ni shauri la mwenye kuutumia.

Akampakulia matoke. Yule mume akaishika sahani, asianze. Akamwangalia mkewe. Wachukuzi walikuwa wamejazana mlangoni, na mmoja wao, nadhani yule wa kikohozi, akasema kwa sauti ya chini, "Maama, leo Jumatano."

"Najua," akasema Maama. Akanawa mikono, akaketi chini kando ya mume wake, akamega tonge. "Nafungua!" Akala mchana kweupe, mbele ya Kikuubo yote, machozi yakimiminika kwenye mchuzi.

Kilichofuata kilikuwa kama arusi isiyopangwa. Mwenye hoteli, ambaye huwa hampi mtu hata ukoko, alisimama juu ya benchi akasema kila mtu ale bure. Wakaja wa maduka ya nguo, wakaja wa maduka ya chumvi. Walokole wakaanza kuimba, na ambao hawakuujua wimbo wakapiga makopo. Maama sikumruhusu ainuke, kwa hiyo jiko lote lilikuwa langu. Nilikaanga, nikakoroga, nikapakua, nikakimbia mbele na nyuma na sahani mkono huu na ule, nikiimba bila sauti kwa kuwa ilikuwa imekwisha. Sijui chumvi niliitiaje. Hakuna aliyelalamika.

Jua lilipozama nyuma ya mapaa watu walikuwa wametawanyika, na mume wa Maama amelala kwenye benchi, amefunikwa kanga yangu. Nilikuwa nakwangua sufuria. Maama akaja, akanishika bega, akanitazama usoni kama anayekagua mtoto baada ya mchezo.

"Muwala, wewe umekula?"

Nilifungua mdomo nijibu kwamba ndiyo. Kisha nikafikiri. Pilau? Sikuigusa. Ukoko? Ulichukuliwa na wachukuzi. Nikaviangalia vidole vyangu kimoja kimoja, vilivyojaa masizi, nikatafuta kile kilichonisaliti wiki zote zile, na sikupata kumbukumbu ya kukilamba hata mara moja. Tangu alfajiri. Kiswahili changu cha pwani kilikuwa tayari na jibu lake sahihi, sijala, lakini halikuwa ndilo.

"Maama," nikasema, "leo mimi siri."